Jiko la nyumba ya mapumziko Ushongo kwa milioni mbili: kipi kifanyike, kipi kiachwe?

Mwana_Ushongo

Wakuu, salaam. Naomba mchango wenu.

Nyumba ni ya vyumba viwili, ipo Ushongo, Pangani, kama mita 60 kutoka maji ya bamvua yanapofika. Ukuta wa tofali za inchi 5, paa la bati. Jiko ni mita 3 kwa 2.4. Nyumba hukaliwa Desemba, Pasaka na wikiendi chache, miezi mingine imefungwa.

Hali ya sasa: makabati ya chipboard yamevimba miguuni na yanameguka, sinki limeota madoa ya kutu, droo zimekwama. Kila nyumba ikifunguliwa kuna harufu ya karo jikoni, na mende wamejaa. Sakafu ya saruji ni nzima ila imepauka. Rangi ya mafuta ukutani imebabuka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno.

Bajeti ni shilingi milioni mbili za Tanzania, vifaa na ufundi humo humo, na haiongezeki. Fundi mmoja amependekeza makabati mapya ya MDF yenye ganda la kung'aa, juu granite. Anayejua idadi za vifaa aziweke, maana duka liko ng'ambo ya kivuko na kila safari ni gharama.

FundiZege

Mkuu, MDF futa kabisa. MDF na chipboard ni nyuzi na chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Lile ganda linazuia maji usoni tu. Unyevu unaingia pale msumeno ulipopita: ukingo wa chini wa mlango, tundu la bawaba, mgongoni ambako hakuna anayetazama. Nyumba ya pwani ikifungwa miezi mitatu, hewa ya ndani peke yake inatosha kuivimbisha bila bomba lolote kuvuja. Utarudi hapa ulipo baada ya masika mawili.

Granite haina ugomvi na chumvi, tatizo lake ni safari. Ubao mrefu uliokatwa tundu la sinki una shingo mbili nyembamba, na hapo ndipo unapovunjika kwenye barabara ya vumbi. Kwa milioni mbili hutaweza kununua wa pili.

Mimi ningepiga kaunta ya zege juu ya vijiukuta vya tofali. Kwa jiko lako fanya umbo la L: upande mrefu mita 3 penye dirisha, mguu mfupi unaongeza mita 1.2, upana sm 60, unene sm 7.5.

Chini weka kitako cha zege hafifu, kimo sm 10 na upana sm 45, ili maji ya kudekia yasifike kwenye tofali. Juu yake simamisha vijiukuta vitano, kila kimoja urefu wa tofali moja zima kuelekea mbele (sm 45), kozi (safu za tofali) tatu. Nafasi wazi kati ya kimoja na kingine isizidi sm 90. Kaunta itachomoza sm 15 mbele ya kijiukuta, vidole vya miguu vipate mahali pa kuingia mtu anaposimama kuosha vyombo. Hesabu ya kimo: kitako 10, kozi tatu na saruji yake 72, zege 7.5, jumla ni karibu sm 90.

Vifaa vya kaunta nzima: tofali 18 (15 za kazi, 3 za kuvunjika njiani), saruji mifuko 4, mchanga ndoo 15 za lita 20, kokoto ndogo ndoo 20, nondo za mm 8 nne za mita 12, binding waya kilo moja. Zege la juu lenyewe linakula mfuko mmoja na robo tu, kwa uwiano wa 1:2:4. Yaani kila mfuko mmoja, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Bei sijaweka kwa sababu zinabadilika. Peleka idadi hii maduka matatu upate bei tatu.

Mwana_Ushongo

Asante sana mkuu. Mchanga kule uko bure pembeni ya nyumba, na kijijini wanauza pia wa mtoni. Upi?

FundiZege

Wa pembeni ya nyumba hapana, hata ukioshwa na mvua. Chumvi yake inakula nondo kutoka ndani. Nondo ikishika kutu inavimba, inalisukuma zege, na utaona mstari mwembamba wa ufa unaofuata urefu wa nondo, kisha ganda linadondoka. Zege la unene wa sm 7.5 halina nyama ya kutosha kuvumilia hilo.

Wa mtoni nao uliza umechotwa wapi. Mto Pangani maji ya bahari hupanda nao wakati wa kujaa, kwa hiyo mchanga wa karibu na mlango wa mto ni wa chumvi vilevile ingawa unaitwa wa mto. Chukua wa juu zaidi, ambako maji yanayoufunika hayana chumvi mwaka mzima. Kipimo cha kienyeji: loweka kiganja kimoja kwenye kikombe cha maji safi, koroga, acha utulie, onja. Ukisikia chumvi, kataa.

Pima na udongo. Jaza chupa inayoonyesha ndani nusu mchanga, ongeza maji na chumvi ya mezani kidogo, tikisa, iache saa moja. Tabaka la matope juu likizidi asilimia 8 ya mchanga, zege litapata nyufa nyembamba kama nywele likikauka. Kipimo hiki na kile cha kuonja ni chupa tofauti, msichanganye.

Maji ya kuchanganyia yawe ya mvua au ya bomba. Kisima cha ufukweni ni chumvi tupu.

Kobilo

Nyongeza kwenye nondo, maana mafundi wengi huzilaza chini kabisa ya fomu (mbao za kumwagia zege) kisha wanazivuta kwa koleo zege likiwa linamwagwa. Zinabaki chini, na upande wa chini wa kaunta ndio unaokaa na unyevu wa sinki.

Jali ya nondo (wavu wenye matundu ya sm 15 kwa sm 15) ikae katikati ya unene. Tengeneza biskuti za zege za kuinulia nondo siku mbili kabla: saruji moja kwa mchanga mbili, unene sm 3, ukubwa wa kiberiti, waya umechomekwa juu yake zikiwa mbichi. Zitumike kama 20. Usikubali zibadilishwe na vipande vya mbao au kokoto. Mbao inaoza na kuacha tundu, kokoto inateleza wakati wa kushindilia.

Kwenye tundu la sinki ndipo pa kuangalia kwa macho mawili. Sinki la sm 80 kwa 50 linahitaji tundu la kama 78 kwa 48, lakini pima sinki lenyewe likiwa mkononi, kwa sababu kila kiwanda kina kipimo chake. Upana wa kaunta ni sm 60, kwa hiyo zimebaki sm 12 za kugawa mbele na nyuma. Sogeza tundu nyuma: sm 4 zibaki ukutani, sm 8 zibaki mbele. Nyuma kunabebwa na ukuta (chimba mfereji wa kina sm 4 zege liingie humo), mbele hakubebwi na kitu. Kwenye hizo sm 8 nondo moja ipite nzima bila kuungwa, na kila kona ya tundu ifungwe kipande cha sm 40 kwa mshazari. Bila hivyo ufa utaanzia konani, na utauona siku mtu atakapoegemea.

Kijisanduku cha tundu kikae ndani ya fomu kabla ya kumwaga. Kukata baadaye kwa grinda kunakata na nondo, na ncha zilizo wazi zinaanza kutu wiki hiyo hiyo.

Seremala_wa_Muheza

Kuna njia ya kuokoa pesa kwenye fomu. Nunua marine board moja ya mm 18, ile yenye ganda la kahawia pande zote. Ina sm 244 kwa 122. Ipasue katikati upate vipande viwili vya sm 61, jumla karibu mita 4.9, na kaunta yako yote ni mita 4.2. Hiyo ndiyo fomu ya chini. Juu yake tandika nailoni nzito bila mikunjo, ndipo umwage. Usipake oili chafu, kwa sababu ubao huo utageuka kuwa rafu za vyombo vya kulia.

Fomu ikitoka, osha, pasua tena kila kipande katikati. Unapata rafu za upana wa sm 30. Ukingo wowote uliokatwa upake vanishi mara tatu, siku hiyo hiyo, kabla ya kufungwa popote. Marine board imegandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, lakini ukingo ulio wazi unakunywa maji kama mrija.

Milango ya chini usiweke. Hapa najua tutabishana. Mlango unahitaji fremu, bawaba, kitasa na sumaku, na vyote vinne ni chakula cha chumvi. Pia unafungia unyevu ndani. Fimbo ya mianzi na pazia la kanga linatosha, linafuliwa, linabadilishwa. Mkeka wa ukindu unapendeza zaidi kwa macho lakini kwenye nyumba iliyofungwa unaota kuvu.

Zuhura_K

Nakubishia kidogo, kaka. Pazia halizuii panya, na nyumba isiyo na mtu panya ndio wenyeji. Hata kama vyakula haviachwi, wanalala ndani ya sufuria.

Seremala_wa_Muheza

Dada, hapo una haki. Basi nafasi moja kati ya hizo, ile ya vyombo, iwekewe milango miwili midogo ya mbao zenye mianya kama ya dirisha la luva, wavu wa aluminiamu kwa ndani. Zilizobaki pazia. Mbao: tafuta vipande vilivyobaki vya mtiki Muheza, mashamba ya Longuza yako pale na wapasuaji huuza vipande vifupi kwa bei ya chini kuliko ubao mzima. Kwa mlango wa sm 70 huhitaji kipande kirefu. Bawaba ziwe za shaba.

Skrubu zisomwe kichwani. Zile za stainless (chuma kisichoshika kutu) nzuri zina maandishi. A2 ni daraja la 304, A4 ni daraja la 316, lenye molibdenamu, ndilo la baharini. Kwa mita 60 kutoka majini nunua A4 hata kama ni ghali, maana unahitaji kama 40 tu. Skrubu nyeusi za jipsamu zisiingie humo ndani kabisa. Zinashika kutu ndani ya msimu mmoja wa kusi na kuacha michirizi ya kahawia ukutani isiyotoka.

Mabano ya rafu za juu: yatengenezwe kwa mbao, pembetatu. Ya chuma kilichopakwa rangi hubanduka pale skrubu ilipokwaruza.

Mwana_Ushongo

Nimeelewa. Fundi anasema fomu anatoa siku ya tatu ili amalize na kuondoka, kwa sababu anatoka Tanga na analala kwa gharama yangu. Na juu ya zege naweka nini, vigae?

FundiZege

Siku ya tatu atoe mbao za pembeni tu. Zile za chini na mirunda zibaki siku 10. Zege likiwa na siku 7 linakuwa na takribani theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28, na hapo ni kama limemwagiwa maji kila siku. Lisipomwagiwa halifiki hapo. Panga kazi hivi: amwage, siku ya tatu avue pembeni na aende. Mlinzi au jirani alifunike kwa magunia na kuyalowanisha asubuhi na jioni. Fundi arudi mara moja tu kuvua, kuweka sinki na rafu. Mapatano yawe ya kazi, si ya siku, na theluthi ya malipo isubiri sinki lipitishe maji bila kuvuja.

Kwa kuwa hutakuwepo, kabla ya kumwaga akutumie picha ya nondo zikiwa zimefungwa, futi ya kupimia imesimamishwa kando ya jali kuonyesha sm 3 kutoka chini, na picha nyingine ya kona za tundu. Bila picha hizo asimwage.

Juu yake: niru. Subiri zege lishike, kidole kikibonyeza kiache alama ndogo bila kuzama, na maji yaliyopanda juu yawe yamekauka yenyewe. Changanya saruji na maji mpaka iwe uji mzito, paka unene wa mm 2, laza kwa mwiko wa chuma. Rudi baada ya nusu saa ulaze tena, ukikandamiza zaidi. Mara ya tatu mwiko utaanza kulia, na hapo uso unang'aa. Makosa mawili yanayoharibu niru: kunyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyosimama ili kuharakisha (inabanduka kama magamba), na kupiga niru kesho yake juu ya zege lililokauka. Hiyo ya pili haishiki. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama kitu kitupu ndani.

Zuhura_K

Niru jikoni pwani? Ndimu, ukwaju na siki vyote vinakula saruji. Ukiacha ndimu iliyokatwa juu yake usiku mmoja, asubuhi kuna duara jeupe lenye mkwaruzo ambalo halifutiki.

Kobilo

Ni kweli, na sababu ni asidi. Ila vigae juu ya kaunta nzima ni kama mita za mraba 2.5 pamoja na mistari yote ya grauti, na grauti ni saruji pia, inaliwa vilevile na inashika mafuta. Suluhu ya bei ndogo: niru kote, kisha zege likishafikisha wiki nne na kukauka, paka dawa ya kuziba vinyweleo mara mbili, rudia kila mwaka. Mahali pa kukatia weka kigae kimoja kikubwa cha sm 60 kwa 60 kilichogandishwa juu, hakina mstari katikati. Vigae vya ukutani ni ukanda wa sm 60 tu kutoka kaunta kwenda juu: mita 4.8 za ukuta (3 na 1.8) mara 0.6 ni karibu mita za mraba 3, nunua 3.2.

Sakafu iache, mkuu. Umesema ni nzima. Kuivunja ni mifuko mitatu ya saruji na siku tatu za ufundi kwa kitu ambacho hakijaharibika. Isugue kwa brashi ya waya, ioshe, ipake nta nyekundu.

Bomba40

Nimesubiri mtu aguse ile harufu. Harufu na mende ni ugonjwa mmoja, unatokana na trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, kukauka. Ndani ya trapu hukaa maji ya kina cha sm 5 hadi 7.5 ambayo ndiyo kizibo kati ya jiko na karo. Nyumba ikifungwa, maji hayo yanapanda hewani taratibu. Wiki chache za joto la kaskazi zinatosha. Baada ya hapo bomba ni njia iliyo wazi, mende wanapanda, hewa ya karo inapanda, na hakuna kigae kitakachobadilisha hilo.

Vifaa: trapu ya umbo la P ya mm 40 (ile ya chupa inaziba kwa mafuta), bomba la PVC mm 40 mita 3, viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90, westi (tundu la sinki la kutolea maji) yenye kizibo cha mpira. Trapu ya konsetina, ile ya bomba la mikunjo, usinunue. Inalegea katikati, inashika mabaki ya wali, na mikunjo yake inapasuka. Mteremko sm 2.5 kwa kila mita. Ukizidisha sana, maji yanakimbia na kuacha mafuta nyuma.

Nje, kabla ya shimo la kunyonya, weka kinasa mafuta cha ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Bomba la kuingia liwe juu. La kutokea liwe na T ambayo mguu wake mmoja unashuka mpaka theluthi mbili ya kina, na tundu la juu limeachwa wazi kwa hewa. Mafuta yanaelea, maji yanatokea chini. Bila hicho mchanga wa shimo unapakwa mafuta na kuacha kunyonya, na kwa mchanga wa ufukweni hiyo hutokea haraka. Shimo likae mbali na kisima, mita 30 kama kiwanja kinaruhusu.

Maji ya kuingia: bomba la plastiki la PPR la mm 20, si la chuma. Koki iwe ya ukutani, ya shaba. Kuijua: tazama ndani ya nyuzi za skrubu, ikiwa ya njano ni shaba, ya kijivu ni zinki iliyopakwa kromu na itabanduka. Weka na geti valvu ya jiko peke yake mahali panapofikika kwa mkono, ifungwe kila mnapoondoka.

Zuhura_K

Na sinki lenyewe mkuu? La sasa lina madoa ya kutu, lakini aliyeliuza alisema ni stainless.

Bomba40

Stainless zipo za aina nyingi. Beba sumaku dukani. Ikinata kwa nguvu katikati ya ubao wa kukaushia, ni daraja la 430, liache. Isiponata bado hujamaliza, kwa sababu daraja la 201 nalo halishiki sumaku na linaota kutu upesi. Tafuta 304 iliyochapwa kwenye chuma chenyewe, wala usitegemee stika. Kona za bakuli zikivuta sumaku kidogo si kasoro, chuma kimekunjwa tu.

Kabla ya kulitupa la zamani, mwombaji wa uzi alijaribu kulisugua? Mara nyingi madoa hayo si ya sinki. Ni vipande vya waya wa kusugulia masufuria vilivyokwama na kuoza juu yake, au chumvi iliyokaa bila kusuuzwa. Magadi ya kupikia, tone la maji, kitambaa, sugua kufuata mistari ya chuma. Doa likitoka na chini yake pakiwa laini, sinki ni zima na umeokoa pesa nyingi kuliko ushauri wote uliotolewa hapa. Ukikuta vijishimo kama vya sindano, basi limeliwa, nunua jingine. Dawa za klorini zisiachwe humo usiku kucha, zinatoboa hata la 304.

Taa_Raskazone

Umeme kwa kifupi. Usichimbe ukuta wa inchi 5, pitisha waya juu kwa trankini ya PVC. Soketi mbili za kaunta ziwe sm 30 au zaidi kutoka ukingo wa sinki, waya mm² 2.5, masanduku ya PVC. Ya chuma yataoza nyuma ya soketi usikoona. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Soketi ambayo miguso yake imeota kijani cha chumvi inapata moto kwa mzigo huo na kuyeyuka. Kwa hiyo soketi zilizopo zibadilishwe hata kama zinawasha. Kwenye meini swichi lazima kuwe na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Hiyo haipunguzwi kwenye bajeti. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

ChokaaTupu

Salaam kutoka Lamu. Nasoma haya na naona wengi watayachukua kwa nyumba zao, basi neno moja. Haya ya kuchimba mfereji wa sm 4 na kubana zege ukutani ni ya ukuta wa tofali za saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa msiuchimbe. Utamwagika vipande. Huko kaunta isimame kwa miguu yake, iachane na ukuta kwa upana wa kidole, mwanya uzibwe kwa chokaa.

Na plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ni madhara. Ukuta ule hupumua. Unyevu unapanda kutoka chini na kutokea usoni. Mkiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inakauka nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ianguke pamoja na uso wa jiwe. Chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ipewe siku zake. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, kwa hiyo kibali kitangulie nyundo.

Kobilo

Ndugu, umenikumbusha rangi ya mwenye uzi. Ile inayobabuka hadi kiunoni ni kisa hicho hicho kwa kiwango kidogo: rangi ya mafuta haipitishi unyevu. Ikwanguliwe yote mpaka plasta, ukuta usuguliwe chumvi kwa brashi kavu (si kwa maji, yanairudisha ndani), ubaki wazi wiki mbili, kisha upakwe chokaa au rangi ya maji. Ni kazi ya mikono zaidi ya pesa.

Mwana_Ushongo

Nimefuta MDF, granite na sakafu. Sinki nitasugua kwanza. Nimebakiwa na swali la gesi: mtungi wa kilo 15 nataka ukae chini ya kaunta, nyuma ya pazia. Na kabla ya kufunga nyumba nifanye nini ili trapu isikauke?

Zuhura_K

Mtungi ukae kwenye nafasi ya mwisho ya L, isiyo na pazia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, haitoki kwa dirisha. Toboa tundu la sm 15 kwa 15 kwenye ukuta wa nje usawa wa sakafu, hapo hapo penye mtungi, lizibwe kwa wavu wa aluminiamu. Kile kitako cha sm 10 kisizibe tundu hilo, kikatwe hapo. Mpira usizidi mita 1.5, klempu ncha zote mbili, usipite nyuma ya jiko lenye moto. Regulata mpya ikifungwa, pakaa povu la sabuni kwenye viungo vyote. Pakitoa mapovu, funga mtungi, fungua kiungo, kifunge upya. Mnapoondoka funga mtungi, vua regulata, ifungeni kwenye mfuko wenye kizibo.

Bomba40

Kwa trapu: siku ya kuondoka, vyombo vikishaoshwa, mwaga maji ya moto yenye sabuni kusafisha mafuta, kisha lita mbili za maji safi. Yakitulia, mimina vijiko vinne vya mafuta ya kula taratibu ukingoni mwa westi. Yataelea juu ya maji ya trapu na kuyazuia yasipande hewani. Kisha bana kizibo cha mpira. Fanya vivyo hivyo kwenye tundu la maji la bafuni, maana mende hawachagui chumba. Mkirudi, ondoa kizibo, fungua koki dakika moja maji ya tenki yaliyolala yaishe, ndipo mchote ya kupikia.

Friji nayo izimwe, ikaushwe, mlango uachwe wazi kwa kipande cha mti kilichofungwa kamba, usijifunge wenyewe kwa upepo.